Michoro, Maandishi na Nauli: Sanaa kama Chambo cha Abiria, kutoka Chicago hadi Barabara ya Kakuyuni

Chukua magari mawili ya abiria ya muundo mmoja, yenye viti sawa, nauli sawa na njia moja. La kwanza ni jeupe, halina pambo lolote ila ufito wa manjano unaotakiwa na sheria. La pili limechorwa ubavuni sura ya mwanamuziki mashuhuri, rangi zake zinameremeta, na jina lake limeandikwa kwa herufi zenye vivuli. Ni lipi litakalojaa mwanzo? Vijana wengi wa Nairobi watajibu bila kusita kwamba ni hilo la pili. Mwulize swali hilohilo mama anayengoja gari Kakuyuni, na vikapu viwili vya maembe miguuni pake, na yamkini naye atakuuliza: lililo kwenye zamu ni lipi? Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini majibu hayo hutofautiana, na ni nini kinachouza pale ambapo picha imeshindwa kuuza. Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu, kama itakavyobainika, kinachochukua nafasi ya picha ni neno.

Ili kuuelewa uhusiano wa picha na sarafu, itafaa kwanza tuangalie biashara ambayo ilitegemea uhusiano huo kuliko nyingi nyinginezo, nayo ni biashara ya mashine za mchezo wa gololi ziitwazo pinboli. Hizi ni meza za mteremko zilizofunikwa kwa kioo. Mchezaji hutumbukiza sarafu, akaifyatua gololi ya chuma, kisha akajitahidi kuizuia isiporomoke na kupotea shimoni. Makao makuu ya utengenezaji wake yalikuwa jiji la Chicago, Marekani. Mwaka 1931 David Gottlieb alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball. Mwaka uliofuata Raymond Moloney akatoa Ballyhoo, iliyopewa jina la jarida la vichekesho la wakati huo, na ambayo iliuzwa kwa maelfu mengi katika muda mfupi. Vile vibawa viwili ambavyo mchezaji huvichezesha kwa vidole havikuwapo hadi mwaka 1947, vilipoletwa na kampuni ya Gottlieb katika mashine ya Humpty Dumpty, iliyochorwa na Roy Parker.

Mashine ya namna hiyo ilikuwa na sehemu tatu za kuchorwa: kioo cha wima kilichosimama nyuma yake na kumulikwa kwa taa kutoka ndani, ubao wenyewe wa mchezo, na mbavu za sanduku. Kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Mbavu zilionekana na mtu aingiaye mlangoni. Kioo cha wima kilimwita kutoka upande wa pili wa ukumbi wenye giza na moshi. Ubao wa mchezo ulimshikilia akisha kufika. Ndani ya masanduku hayo, mitambo ya mwaka mmoja haikutofautiana sana. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Gottlieb ilikuwa na desturi ya kuuza mchezo uleule chini ya majina mawili na michoro miwili, toleo moja kwa wachezaji wengi na jingine kwa wachache. Kilichomwambia mteja kwamba hii ni mashine nyingine kilikuwa picha.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulisahau. Kiwanda hakikumwuzia mchezaji. Kilimwuzia mfanyabiashara, ambaye aliiweka mashine katika kilabu cha pombe au mkahawa na kugawana sarafu na mwenye ukumbi. Kwa hiyo mchoro ulipaswa kuwashawishi watu wawili wasiofanana: mfanyabiashara, ambaye hakuwa na haja ya kucheza, na mchezaji, ambaye hakuwa na haja ya kununua. Mwaka 1976 kampuni ya Bally ilitoa Captain Fantastic, iliyochorwa na Dave Christensen, na kioo chake kilibeba sura ya mwanamuziki Elton John kama alivyoonekana katika filamu ya mwaka uliotangulia. Ziliuzwa zaidi ya 16,000. Mwaka 1992 The Addams Family, iliyobuniwa kutokana na filamu pia, ilipita 20,000. Hata hivyo hatuwezi kudai kwamba picha peke yake ndiyo iliyouza. Wapenzi wa mchezo huo huisifu The Addams Family kwa ufundi wa mchezo wenyewe. Tukitaka kusema kwa usahihi, picha huleta sarafu ya kwanza, nao mchezo huleta ya pili.

Uwezo huo wa kuita sarafu haukuwafurahisha watu wote. Jiji la New York lilizipiga marufuku mashine hizo mwaka 1942 kwa hoja kwamba ni kamari, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1976. Msomaji wa Kenya hatashindwa kukumbuka zile mashine ndogo za kamari zilizosambaa katika maduka ya vijijini katika miaka ya 2010, zikiwa na taa na picha za matunda, zikimeza sarafu za watoto wa shule, hadi serikali ilipoanza kuzikusanya na kuziteketeza. Kwa bahati mbaya, taa na picha humwita mtoto kwa urahisi zaidi kuliko zinavyomwita mtu mzima.

Sasa turudi barabarani. Matatu nayo ni mashine ya sarafu, na jina lake lenyewe lashuhudia. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nauli ya awali mjini Nairobi ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo watu waliziita mapeni matatu. Nomino ikadondoshwa, kivumishi cha idadi kikabaki peke yake na kugeuka nomino. Ajabu ni kwamba kiambishi *ma-* cha upatanisho wa mapeni kimesalia katika neno, ilhali neno lenyewe limehamia ngeli nyingine: twasema matatu hii na matatu hizi. Upande wa Tanzania, daladala limepata jina lake kutokana na dala, lakabu ya sarafu ya shilingi tano, iliyorudiwarudiwa na wapiga debe. Nchi mbili jirani zimeviita vyombo vyao vya usafiri kwa jina la fedha iliyotumbukizwa ndani yake.

Matatu zilipata nguvu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Magari yakaongezeka, na yalipoongezeka katika njia moja, mwenye gari alihitaji kujitofautisha na jirani yake. Hapo ndipo rangi zilipopata soko. Kufikia miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na mafundi waliobobea katika kunyunyiza rangi kwa bomba la hewa, na matatu ya kupendeza ikaitwa manyanga katika lugha ya vijana. Sura za Bob Marley na Tupac Shakur zilizunguka jijini kila siku, na baadaye ikaongezeka ya Barack Obama. Uwanja huu umekwisha kutafitiwa: Mbugua wa Mungai alichapisha kitabu chake kuhusu utamaduni wa wahudumu wa matatu wa Nairobi mwaka 2013, naye Kenda Mutongi akachapisha historia ya matatu mwaka 2017. Kwa bahati, chuo kilichoitoa historia hiyo ni cha Chicago.

Je, rangi hizo hulipa? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme basi dogo la viti 33 limechorwa kwa shilingi 300,000, na nauli ni shilingi 50. Mzunguko mmoja wa gari lililojaa huleta shilingi 1,650. Iwapo mchoro unalifanya gari lijae haraka kiasi cha kuongeza mzunguko mmoja kwa siku, gharama ya rangi, mbali na mafuta, itarudi baada ya siku 182, yaani nusu mwaka. Tazama vizuri hesabu hiyo inasema nini. Faida ya mchoro iko katika kupunguza muda wa kungoja. Gari lisilochorwa nalo hujaa, ila huchelewa, na dakika zilizopotea kituoni ndizo mzunguko uliopotea jioni. Aidha mwenye gari ana miezi michache tu ya kuifaidi rangi yake kabla ya gari jipya kutoka gereji na kulifanya lake lionekane kuukuu.

Hapa pinboli na matatu huachana njia. Hakuna mtu anayelazimika kucheza gololi, kwa hiyo picha nzuri huweza kuzaa mchezaji ambaye hakuwapo. Lakini abiria wa jioni yupo tayari, naye hana budi kufika nyumbani. Picha haimzai, humhamisha tu kutoka gari hili hadi lile. Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana kwa njia ya sheria. Mnamo Februari 2004 zilianza kutekelezwa kanuni za Waziri wa Uchukuzi, John Michuki: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, sare za wahudumu, na ufito wa manjano ubavuni ulioandikwa njia ya gari. Michoro ilififia ghafla, na abiria waliendelea kusafiri. Kilichopotea ni ule ushindani wa kunyang'anyana abiria kwa rangi. Baadaye michoro ilirejea polepole, na Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani katika muhula wake wa kwanza kuwa ni ajira ya vijana. Mwezi Novemba 2018 kanuni za Michuki zilifufuliwa tena kwa msako mkali. Wachoraji wameishi kati ya hali hizo mbili, wakifungua na kufunga kazi kwa kufuata upepo wa serikali.

Kutokana na hayo twaweza kuweka masharti ya picha kuuza. Abiria lazima awe na magari mengi ya kuchagua. Magari hayo yawe yanafanana katika mambo mengine yote. Naye awe na uhuru wa kuchagua kwa kutupa jicho mara moja, akiwa mbali. Sharti moja likikosekana, rangi inakuwa pambo la mwenye gari na burudani ya wapita njia.

Barabara itokayo Malindi kuelekea magharibi hupita Ganda na Kakuyuni, ikaendelea kuelekea Jilore na Langobaya hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni njia ya wakulima, wanafunzi, na kina mama wapelekao mazao sokoni. Katika njia za namna hii masharti yote matatu hukosekana. Magari ni machache. Kituoni huwapo zamu: lililotangulia kufika ndilo linalojazwa mwanzo, na abiria hana ruhusa ya kuruka foleni kwa sababu gari la tatu lina picha ya mchezaji mpira. Tena vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, ambavyo wengi huviita sako, na ambavyo wenye matatu wametakiwa kujiunga navyo, vimeyapa magari ya kila chama jina na alama za pamoja. Mwenye gari anayetumia maelfu kulipamba katika njia hiyo atakuwa ameyanunua macho ya watu ambao hawana la kuchagua.

Kuna na sababu ya wateja wenyewe. Picha huita, lakini pia hufukuza. Vioo vya pinboli vilijaa wanawake waliovaa nusu nguo kwa kuwa wachezaji wake walikuwa wanaume wa vilabuni. Mama na watoto wake hawakukusudiwa. Manyanga ya Nairobi nayo, pamoja na muziki wake unaotikisa vioo, imekusudiwa kijana asiye na mzigo. Mama wa Kakuyuni hutazama kama kuna nafasi ya vikapu, na kama makanga ataviteremsha taratibu au atavitupa chini. Hizo ni sifa ambazo haziwezi kuchorwa.

Hata hivyo vyombo vya usafiri vya huku havikubaki vitupu. Tazama tuktuk zinazozunguka Malindi na bodaboda zielekeazo mashambani. Picha ni haba, lakini maandishi ni tele: juu ya kioo cha nyuma, kwenye turubai, na zaidi kwenye ile kinga ya matope inayoning'inia nyuma ya pikipiki, ambayo watu huiita madigadi. Kuna maandishi ya shukrani kwa Mungu, Mashallah na Alhamdulillahi. Kuna methali zilizokatwa katikati, kama vile *Mtaka cha mvunguni*, zikamwachia msomaji kazi ya kuzimalizia. Kuna vijembe visivyotaja mlengwa, na kila asomaye hudhani jirani yake ndiye aliyekusudiwa.

Mahali yalipoandikwa maneno hayo panastahili kuzingatiwa. Picha ya matatu iko mbele na ubavuni, anapotazama mtu aliye karibu kupanda. Maandishi ya bodaboda yako nyuma, nayo husomwa na yule aliyeachwa, au anayefuata. Kama lengo lingekuwa kumnasa abiria wa sasa hivi, basi fundi angekuwa amekosea upande. Maandishi hayamtafuti abiria wa leo. Kazi yake ni kumpa mwendeshaji jina. Kijana aliyeandika *Subira* mgongoni mwa pikipiki yake, baada ya miezi michache ndiye Subira mwenyewe, na hata wasiojua jina alilopewa na wazazi wake watamtuma mtoto kwenye steji akamwite Subira. Tangu simu za mkononi zienee, na malipo kwa M-Pesa kuanza mwaka 2007, jina hilo limezidi thamani. Mteja hasimami tena kando ya njia akichagua kwa macho. Hupiga simu na kumwita mtu anayemkumbuka. Picha hufanya kazi kwa jicho na kwa sasa. Jina hufanya kazi kwa kumbukumbu, na gharama yake ni kopo dogo la rangi.

Wala si ajabu kwamba pwani ndiko neno lilikoshika kazi hiyo. Kanga ilitangulia kutufundisha kwamba pambo peke yake halitoshi sokoni. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa alianza kuzitia kanga misemo mapema katika karne ya 20. Mnunuzi wa kanga huvutwa kwanza na rangi ikiwa imetundikwa mlangoni. Kisha huikunjua akasoma. Jina likiwa baya au halimfai anayekwenda kuzawadiwa, kanga hurudishwa rafuni hata kama mji wake umepambwa kwa ustadi gani. Hapo tena twaiona ile sarafu ya kwanza na ya pili, isipokuwa kwamba katika kanga sarafu ya pili hutolewa na lugha.

Dar es Salaam inatuongezea ushahidi kutoka upande mwingine. Huko daladala hutakiwa kuwa na mistari ya rangi inayoonyesha njia yake, na nafasi ya mchoro wa fahari hubaki finyu. Kwa hiyo kioo cha nyuma kimekuwa uwanja wa semi. Kampala nako, teksi nyeupe zenye vibandiko vya buluu vya mraba hubeba maneno mafupi juu ya vioo vyao. Sheria au uhaba wa fedha ukiifinya picha, neno hupenya, maana lahitaji nafasi ndogo.

Kwa maoni yetu, hili ndilo pengo katika utafiti wetu. Misemo ya kanga imekusanywa na kuchambuliwa mara nyingi, na michoro ya Nairobi imepata wasomi wake. Semi za bodaboda na tuktuk za Malindi, Ganda na Kakuyuni hazijapata uangalizi wa kadiri hiyo, ilhali ni maandishi ya Kiswahili yanayosomwa kila siku na watu ambao huenda hawajafungua kitabu tangu walipotoka shuleni. Tena hayadumu kama kanga inayohifadhiwa kasikani. Madigadi hupasuka kwa mawe. Pikipiki huuzwa, na mnunuzi hufuta jina la mwenzake kabla hata hajabadilisha hati za umiliki. Anayetaka kuyakusanya atahitaji daftari, kamera ya simu, na saa mbili za kukaa kwenye steji asubuhi ya siku ya soko.

Akifika, na aangalie pia pembe ya chini ya maandishi hayo. Mara kwa mara atakuta hapo, kwa herufi ndogo kuliko zote, nambari ya simu ya fundi aliyeyaandika.